Pikapu ya Marehemu Ilivyoshuka



 Wasomaji wetu wapenzi, juma hili ukurasa wetu unaiacha pwani na kwenda bara, mpaka ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa ajili ya gari kuukuu. Huenda mama aliyezoea kusoma hapa habari za malezi akajiuliza gari linamhusu nini. Tunamwomba atuvumilie, gari hili limebeba mambo ya nyumbani mazito kuliko gunia lolote lililopata kupakiwa juu yake.

Magunga ni mji mdogo wa kaunti ya Homa Bay, chini ya milima ya Gwassi, upande wa kusini inakopakana na kaunti ya Migori. Barabara itokayo Sindo hupita hapo kuelekea Karungu na Sori. Wenyeji ni Wasuba na Wajaluo, wakulima na wavuvi, na Waislamu miongoni mwao ni wachache. Katika hao wachache yumo jamaa yetu, binti wa Mombasa aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita na mfanyabiashara wa omena. Mumewe alifariki, Allah amrehemu, akaacha mjane, kijana mmoja wa kiume, mabinti wawili ambao mdogo wao hajabaleghe, na pikapu moja aina ya Isuzu TFR ya mwaka 1996.

Pikapu za namna hiyo wengi wetu tunazikumbuka. Ziliunganishwa Nairobi, katika kiwanda cha General Motors Kenya, ambacho tangu mwaka 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Injini yake ni ya dizeli ya lita 2.5, haina haraka wala haina makuu. Marehemu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaipakia magunia ya omena kutoka ufuoni Nyandiwa, na kwa pikapu hiyo akalisha na kusomesha. Alipofariki ikakaa uani muda wote wa eda na miezi kadhaa baadaye. Kuku wakalala ndani yake. Maji ya samaki yaliyokuwa yamejipenyeza kwa miaka mingi yakaendelea kuila bodi kimyakimya.

Tulipokwenda kuwazuru tulikuta ugomvi. Kijana, aliyekuwa ametoka kuhitimu ufundi wa magari, alitaka kuifufua pikapu hapo hapo nyumbani, na mama yake alifurahi. Lakini alitaka pia kuishusha, ikae chini karibu na ardhi, magurudumu yazame ndani ya bodi, kama alivyoona katika picha za vijana wa miji mikubwa. Desturi hiyo si ya jana. Huko California, Marekani, vijana wenye asili ya Meksiko waliyashusha magari yao tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hata mwaka 1958 sheria ikapiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote iko chini kuliko ukingo wa ringi zake. Kwao ilikuwa fahari ya watu waliodharauliwa, na kazi yenyewe ni ya ustadi. Hatukumcheka kijana. Fahari ya kuwa na kitu kizuri ulichokitengeneza kwa mikono yako si dhambi.

Mama alisema, "Mwanangu, barabara ya ufuoni ina mawe. Ikishuka hiyo, omena ataibeba nani?"

Kijana akajibu kwa adabu, lakini kwa mkazo, "Mama, gari ni la baba, na sasa mwanamume wa nyumba hii ni mimi."

Hapo ndipo tuliposhtuka. Maneno hayo husemwa katika nyumba zetu nyingi, na husemwa kwa nia njema, nayo si kweli. Mali ya marehemu si ya mwanawe wa kiume. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ni cha warithi wote. Wazazi wa marehemu huyu walikwisha kutangulia, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi. Tuliigawa pikapu, kwa mdomo, mafungu 32. Mama ana thumni, yaani mafungu 4. Kijana ana 14. Kila binti ana 7. Anayetaka kuikata springi ya gari hilo anaikata springi ya mama yake na ya dada zake, na mmoja wao ni yatima asiyeweza kutoa idhini. Sote tunajua jinsi Qurani ilivyoonya juu ya mali ya yatima. Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema hakuwahi kuelezwa hivyo. Tunamsadiki, na lawama hiyo ni yetu sisi watu wazima.

Waliafikiana kwenda kuthibitisha mirathi yao katika Mahakama ya Kadhi, maana bila hati ya usimamizi hata jina katika daftari la usajili wa gari halibadilishwi. Wakati huo pikapu itengenezwe kwa yale yanayoihifadhi na kuitia thamani tu, na kila shilingi iandikwe. Binti mkubwa akapewa daftari.

Kazi ikaanza. Walipokwangua rangi wakakuta sakafu ya chumba cha dereva imeoza kiasi cha kupitisha mkono. Fundi mmoja aliyepita njia alishauri matundu yajazwe pati, ipakwe rangi ing'are, iuzwe kabla ya masika, mnunuzi hatajua. Mama akakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimelowa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika wafuasi wake. Pati juu ya kutu ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa. Basi walikata bati lote bovu mpaka palipo na chuma kizima, wakachomelea bati jipya, wakapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Kazi ya siku mbili ikachukua majuma matatu.

Likabaki suala la kushusha. Kwa hilo aliitwa fundi mzee kutoka Sori, jirani Mkristo aliyefanya kazi na marehemu. Alilala chini ya gari, akatoka, akamwambia kijana, "Kijana wangu, wewe unataka kushusha gari ambalo baba yako alilipandisha."

Springi za nyuma za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Marehemu, kama wafanyavyo wasafirishaji wengi, aliongeza mabamba matatu kila upande ili abebe zaidi ya tani moja ambayo gari limeundwa kubeba. Mkia ukainuka. Lakini mzee aliendelea kueleza jambo ambalo sisi hatukulijua, na tunaliandika kwa sababu huenda likaokoa roho. Pikapu nyingi zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa kwa ufito na shasi. Mzigo ukiongezeka, shasi hushuka, ufito husogea, na vali huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukiongeza mabamba, shasi haishuki inavyopaswa. Gari limejaa magunia, lakini breki zinaambiwa ni tupu. Ukiishusha pikapu kupita kiasi, uongo unageuka: gari ni tupu, breki zinaambiwa limejaa, na siku ya mvua magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unateleza.

Mama alikaa chini kwenye kigoda. Akasema marehemu alikuwa akilalamika kwamba kwenye miteremko, akiwa na mzigo, pikapu haishiki. Alikuwa akibadilisha pedi za breki kila mara. Alifariki kwa maradhi, kitandani mwake, lakini sote tulifikiria wangapi walipanda pikapu ile juu ya magunia, na kijana huyu akiwa mmoja wao tangu utoto.

Uamuzi haukuhitaji kikao. Mabamba yaliyoongezwa yalitolewa, springi zikarudishwa kama zilivyotoka kiwandani, na vali ikapimwa na kurekebishwa. Mbele, ambako TFR hubebwa na vyuma vinavyojisokota badala ya springi za kujiviringa, bolti za kurekebishia zililegezwa kidogo, kwa idadi sawa kulia na kushoto, mpaka kimo cha kiwandani. Kisha magurudumu yakanyooshwa kwa kipimo na taa zikaelekezwa upya, kwa kuwa kimo kikibadilika mwanga nao huhama. Pikapu ilipowekwa chini, mkia ulikuwa umeshuka upana wa vidole vinne. Kijana aliizunguka mara mbili, akacheka, "Mama, si nilikwambia itashuka?"

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kiliisha kwa heri isiyo na gharama. Pikapu sasa hubeba tani moja na si zaidi. Mzigo uliokwenda kwa safari moja huenda kwa mbili, na dizeli haitolewi bure. Daftari la binti mkubwa linaonyesha faida ndogo kuliko enzi za baba yake. Mama alipoulizwa na wenzake sokoni, alijibu kwamba rizki iliyopungua anaijua njia ya kuitafuta, lakini mtoto akiondoka hana njia ya kumtafuta.

Kwa wenye gari kuukuu uani na kijana mwenye mikono yenye hamu, tuna machache ya kuongeza. Jeki peke yake haimshikilii mtu aliye chini ya gari. Shasi ikalie stendi imara au magogo mapana, juu ya ardhi ngumu, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe. Springi isikatwe wala isichomwe moto ili gari lishuke, kwa kuwa chuma chake hupoteza ukakamavu na huvunjika ghafla. Betri itolewe kabla ya kuchomelea. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi. Isuguliwe kwa msasa wa maji, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na watoto wawe mbali. Kabla gari halijarudi barabarani lipelekwe kukaguliwa, na ikiwa rangi au injini imebadilika, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi ijulishwe ili hati zilingane na gari.

Lakini kabla ya jeki na msasa, ulizeni gari ni la nani. Nyumba ngapi za pwani zina shamba, mashua au duka la marehemu ambalo mmoja analishika kwa miaka na wenziwe wanaona haya kuuliza? Kuuliza mirathi si kukosa mapenzi. Kijana wa Magunga hakupungukiwa na kitu alipojua ana mafungu 14. Tunaona aliongezeka, maana tangu siku hiyo anapoiosha pikapu jioni, mdogo wake husimama kando na kumwonyesha alipoacha tope, akisema upande huo ni wa mafungu yake.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, atutakasie mali zetu, na awalinde watoto wetu njiani. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.