Cheti kisicho na tarehe ya kurudi

KIBARAZANI
Na Mwanaisha Bakari

Mama mmoja alinishika mkono nje ya chumba cha mahakama huku Pwani, akanipa karatasi. "Mwanangu, hebu nisomee. Atatoka lini?"

Nikaisoma juu hadi chini, kisha nikairudia. Ilisema kijana wake alimuua babake, na siku hiyo hakuwa na akili timamu. Ilisema azuiliwe hospitalini akisubiri amri ya Rais. Siku ya kutoka haikuwemo. Nilipomwambia, mama hakulia. Alifungua mkoba akatoa kadi ya kliniki ya kijana, pembe zimeliwa. Kila mstari ulikuwa na jina la dawa na tarehe ya kurudi. Wa mwisho uliandikwa miezi minane kabla ya msiba. "Hapo tuliambiwa dawa zimekwisha, tukanunue," akasema. "Tungenunua na nini?"

Karani aliyeandika ile karatasi hakukosea. Alifuata kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya, kinachomtaka jaji atamke mambo mawili kwa pumzi moja: mshtakiwa ana hatia, na alikuwa mwendawazimu. Maneno hayo tuliyarithi kutoka Uingereza. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria kwenye kituo cha treni cha Windsor, akamkosa. Mahakama ikasema hana hatia kwa kuwa ni mgonjwa wa akili. Malkia akahamaki, na mwaka uliofuata Bunge likabadilisha sheria: hatia kwanza, wazimu baadaye. Uingereza yenyewe iliyaacha maneno hayo mwaka 1964. Majirani zetu Tanzania nao husema mtu wa namna hii hana hatia kwa sababu ya wazimu. Sisi tungali tunatumikia hasira za Malkia.

Hata hivyo, maneno ya hatia yanavumilika kuliko kungoja. Kwa kifungu hicho hicho, ripoti ya kwanza kuhusu hali ya mgonjwa hupelekwa kwa Waziri, ili Rais aitafakari, baada ya miaka 3. Kisha kila baada ya miaka 2. Ugonjwa wenyewe hauendi kwa kalenda hiyo. Wapo wanaotulia wiki chache tu baada ya kuanza dawa, na wapo wanaoporomoka wiki chache baada ya kuzikosa. Mwizi wa ng'ombe aliyefungwa miaka 9 anajua siku yake, na akiwa na nidhamu hupunguziwa theluthi. Mgonjwa aliyepata nafuu hana cha kuhesabu.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Meru ilisema kumzuilia mtu hivi, bila kujua mwisho, ni kwenda kinyume na Katiba. Tangu hapo majaji wamegawanyika. Wapo wanaotaja idadi ya miaka, kana kwamba ugonjwa ni deni. Wapo wanaoamuru tiba na kutaka daktari arudi kortini na ripoti. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa maradhi yaleyale wanaweza kupata hatima mbili, kutegemea aliyekalia kiti.

Najua jibu la mtaani: huyo aliua, akitoka ataua tena. Siidharau hofu hiyo. Mama mwenyewe anayo. Aliniambia hadi leo hulala mlango umekomelewa, ingawa mwanawe yuko mbali. Nilipomuuliza kama anamwogopa mwanawe, alitikisa kichwa. Anamwogopa akiwa hana dawa.

Hapo ndipo penye kesi yote. Kufuli pekee haliponyi, na miaka pekee haiponyi. Jaji anayeamuru tiba na aandike tarehe, tuseme miezi 6, ya mgonjwa kuletwa tena mbele yake, pamoja na ripoti ya daktari wa akili na ya afisa wa probesheni aliyefika nyumbani na kuongea na majirani. Akiwa bado mgonjwa, apewe tarehe nyingine. Akiwa na nafuu, arudi kwao kwa sharti la sindano ya kila mwezi katika zahanati iliyo karibu, na asipotokea siku yake afuatwe. Na sindano iwepo. Serikali inayoweza kumlisha na kumlinda mtu miaka 10 haiwezi kudai imeshindwa kununua dawa ambayo pengine ingemwacha mzee yule hai.

Tulipoagana, mama alinionyesha tena ile kadi. Chini kabisa palibaki mstari mmoja mtupu. Alitaka kujua kama karani angekubali kumwandikia tarehe hapo.