Skani si hukumu, lakini usirudi nyumbani na bahasha tu

Hebu jiweke pale Karen, kwenye kitanda cha kliniki, mimba ya wiki 20. Umekuja kuona mtoto akirusha miguu, pengine uambiwe ni msichana au mvulana. Lakini mtaalamu wa skani amenyamaza. Anarudia sehemu moja mara tatu, kisha anakwambia, "Utaongea na daktari." Daktari yuko Alhamisi. Leo ni Jumatatu.

Ndivyo ilivyomkuta dadangu mwaka jana. Alipanda matatu ya 111 akiwa na bahasha mkononi, na kabla hajafika Dagoretti Corner alishaifungua na kuiuliza simu yake kila neno. Simu ikamjibu damu, upasuaji, kifo. Kwa siku tatu chakula hakikupita. Mumewe alirudia neno moja tu, "usijali," na ukweli usemwe, hakuna neno linaloudhi kama hilo.

Alhamisi daktari alimaliza mambo kwa dakika tano. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Katika wiki 20 hilo huonekana mara nyingi, na kwa akina mama wengi kondo hupanda kadiri mji wa mimba unavyotanuka. Arudi wiki ya 32 kupigwa skani nyingine. Akiona damu kabla ya hapo, akimbie hospitali, asingoje. Basi. Dakika tano hizo zingetolewa Jumatatu, dadangu angelala.

Si eti mashine ina makosa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kila mjamzito apigwe skani kabla ya wiki ya 24. Inasaidia kujua umri wa mimba, kama ni pacha, na kama kuna kasoro. Kosa ni kumkabidhi mtu karatasi asiyoielewa kisha kumwachia usiku kucha apambane nayo.

Na kwa taarifa yako, si hisani unayoomba. Sheria ya Afya ya 2017 hapa Kenya inamtaka mhudumu akueleze hali yako, na inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Haki hiyo ni ya anayeishi nyuma ya lango kubwa la Karen, na ni ya dada anayemfulia nguo.

Kwa hivyo usitoke kabla hujauliza. Mmeona nini hasa? Mna uhakika, au ni jambo la kuangaliwa tena? Hatua inayofuata ni gani, na lini? Ni dalili zipi zinilete mbio? Andika majibu. Nenda na mtu, maana anayepokea habari nzito husikia nusu yake.

Sitakudanganya. Si kila skani huishia vizuri kama ya dadangu. Wakati mwingine picha huonyesha mgongo wazi au moyo wenye kasoro, na picha ya pili inathibitisha. Hata hapo, kujua mapema kunawapa madaktari muda wa kupanga utajifungulia wapi na nani awepo. Wewe nawe unapata muda wa kuuliza, na wa kulia ukiwa na watu wako. Kuogopa hakumaanishi imani yako ni haba.

Nanyi wanaume, acheni "usijali." Omba ruhusa kazini, ukae kwenye kiti kilicho kando yake, usikie kwa masikio yako.

Wiki ya 32 kondo la dadangu lilikuwa limepanda. Lakini zile siku tatu bado anazikumbuka kuliko uchungu wa kujifungua.

Kama leo una bahasha kwenye mkoba, usikeshe nayo peke yako. Mwite mtu mkae pamoja, na asubuhi ipigie kliniki simu. Uliza ni nani anaweza kukueleza leo, si Alhamisi.