Mulevi iko mugonjwa pia



Dereva mumoja wa kamio alipuliza mu mashini ku mulango wa mugodi, saa kumi na moja ya asubuhi. Mashini ikaonyesha pombe. Siku ile ile wakamutosha ku kazi. Mimi delege nilikwenda kumutetea. Mukubwa akajibu: «Alijua sheria.» Ni kweli, aliijua. Hata mimi nilisema mu moyo: huyu naye, hana akili?

Kumbe shida iko palepale mu akili. Ubongo uko na sehemu ya furaha. Ukila bukari na njaa, ao mutoto akikukimbilia jioni, pale inatoka dawa moja ya mwili inayoitwa dopamini. Inauambia ubongo: hii ni nzuri, rudilia. Pombe inaongeza ile dopamini, na vidonge vya tramadoli pia, vile wengine wanameza juu ya kuvumilia kazi. Ukirudilia kila siku, ubongo unajilinda: unapunguza milango ya kupokea. Njo maana glasi moja ya lutuku haitoshi tena, inaomba tatu. Na mambo ya kawaida yanapoteza utamu. Mama mumoja aliniambia: «Hata Mazembe ikishinda, bwana yangu hafurahi.» Hakukosea. Mutu wa vile hanywi tena juu ya furaha, anakunywa mikono isitetemeke.

Tena, ubongo unashika alama. Telefone ikilia kama mushahara umeingia, ao akipita mbele ya nganda, hamu inaamuka mbele hajaonja kitu. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kusema «hapana, kesho uko na posti», imelegea.

Sisemi mulevi apewe kamio. Hapana! Atoshwe ku usukani siku ile ile, sababu anaweza kutuua. Lakini kumutosha ku kazi kabisa ni maneno ingine. Mu 1996, Shirika la Kazi la Kimataifa, lile tunaita BIT, lilitoa mwongozo: matatizo ya pombe na dawa za kulevya ku kazi yahesabiwe kama matatizo ya afya. Mufanyakazi akivunjika muguu, munamupeleka kwa munganga. Huyu munamupeleka ku barabara, bila mushahara, siku nzima bila kazi. Munafikiri atakwenda kuketi wapi?

Kwa mama zetu, neno moja la haraka. Mutu aliyezoea kunywa sana kila siku, musimufungie mu nyumba aache mara moja. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyoko, kuanguka kifafa, hata kufa. Mumupeleke ku hospitali, aache chini ya munganga. Kisha muvumilie: ubongo unapona polepole, ni miezi, haiko siku. Akianguka tena juma ya tatu, musiseme anawazarau.

Tutakapoingia mu mazungumzo ya konvansio, tutaomba hivi: mara ya kwanza mashini ikikamata mutu, atoshwe ku posti ya hatari, atunzwe na munganga wa kampuni, na nafasi yake imungojee. Wengine mu sendika wanasema tuanze na posho. Mimi nimeomba hii iandikwe ya kwanza.