Sauti ya mgonjwa imo katika dhamana ya hospitali

Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji akiwa na rovu shingoni na sauti kamili. Anatoka rovu halipo, kidonda kiko safi, ila sauti imekauka, anachoweza ni kunong'ona. Akiuliza, anaambiwa ni mpira wa kupumulia uliokwaruza koo, itarudi. Siku ya kutolewa nyuzi anauliza tena na kupewa jibu lilelile. Kisha anarudi kwao, iwe Njombe au Kisii, na faili lake linafungwa likiwa limeandikwa kwamba upasuaji ulifanikiwa.

Faili la namna hiyo halisemi kweli. Upasuaji wa shingo haujakamilika mpaka sauti ya mgonjwa isikilizwe, ichunguzwe na hali yake iandikwe. Hospitali isiyofanya hivyo imekwepa wajibu wake, hata kama daktari wake anasifiwa nchi nzima.

Hatusemi kila sauti iliyopotea ni uzembe. Neva inayoendesha nyuzi za sauti ina njia ya ajabu. Hupita shingoni ikashuka kwanza hadi kifuani, na ya upande wa kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ndipo inapopanda tena, ikifuata mfereji mwembamba kati ya koo la hewa na umio, nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi. Kwa macho ni uzi mweupe, mwembamba, na karibu na pale unapoingia kwenye zoloto umeshikamana na tezi. Si lazima ukatwe ndipo udhurike. Kuvutwa tu wakati rovu kubwa linanyanyuliwa, au kupatwa na joto la kifaa cha umeme cha kuzuia damu, kunatosha kuunyamazisha. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mishipa mikubwa ya moyo naye anaweza kurudishwa wodini na kilio kilichokauka, kwa sababu hiyohiyo. Hata mikononi mwa mabingwa, mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100 wa upasuaji wa tezi hubaki na madhara ya kudumu, na wanaoathirika kwa muda ni wengi zaidi.

Lakini hatari inayojulikana ndiyo inayomfunga daktari zaidi. Galen aliionyesha kazi ya neva hii mjini Roma katika karne ya 2, alipomkatia nguruwe neva zake akanyamaza mbele ya watazamaji. Mwaka 1938 Frank Lahey wa Boston aliwahimiza wapasuaji wenzake waitafute neva na kuiona kwa macho katika kila upasuaji wa tezi, badala ya kuikwepa kwa kubahatisha. Hakuna mpasuaji wa leo anayeweza kusema hakujua.

Wajibu unaanza kabla ya kisu. Daktari amsikilize mgonjwa akizungumza na aandike sauti yake ikoje. Penye dalili yoyote ya mashaka, na kila inaposhukiwa saratani, nyuzi za sauti zitazamwe kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani mgonjwa akiwa macho. Ni kazi ya dakika chache, na maisha ya mtu yanaweza kuitegemea. Uvimbe huweza kuupoozesha uzi mmoja polepole, ule wa pili ukabeba kazi yote, na mgonjwa akaendelea kuzungumza vizuri bila mtu kugundua. Mpasuaji akiudhuru ule mzima bila kujua, nyuzi zote mbili husimama katikati ya njia ya hewa. Hapo hatuzungumzii sauti tena. Mgonjwa anapumua kwa mkoromo, anakosa hewa, na pengine itabidi atobolewe shingo usiku huohuo ili aishi.

Fomu ya ridhaa nayo isigeuzwe karatasi ya kuwekewa dole gumba mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mwalimu, muadhini, mchuuzi wa sokoni na kondakta wa daladala wanakula kwa koo zao. Wana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, siku kadhaa kabla, kwamba sauti inaweza kuguswa na hatua gani itachukuliwa ikitokea.

Baada ya upasuaji ndipo uzembe mkubwa unapofanyika, na unafanyika kimyakimya. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2013 na chama cha madaktari wa masikio, pua na koo unamtaka mpasuaji wa tezi aandike kama sauti imebadilika kati ya wiki 2 na miezi 2 tangu upasuaji, na mwenye mabadiliko achunguzwe zoloto. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa avute pumzi na kutamka "aaa" mpaka imwishie. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha sekunde 15 na zaidi, ilhali aliyepooza uzi mmoja mara nyingi huishiwa kabla ya 10. Aulizwe pia kama anapaliwa na maji, kwa maana nyuzi zisizofunga huruhusu kinywaji kuingia mapafuni. Muuguzi anayejua kazi yake atamwonyesha jinsi ya kuinamisha kidevu na kugeuzia uso upande ulio dhaifu anapomeza.

Kumwambia mtu "itarudi" na kumwacha ni kumnyima tiba ambayo ipo. Neva iliyojeruhiwa bila kukatwa inaweza kuchukua miezi 6 hadi 12 kupona. Katika muda huo kuna mazoezi ya sauti, na kuna sindano ya kuujaza uzi uliopooza ili mwenzake aufikie. Sauti isiporudi, kuna upasuaji wa kuusogeza uzi katikati, uliowekewa misingi na Nobuhiko Isshiki wa Japani mwaka 1974. Asiyefundishwa mazoezi hayo hukaza shingo na kulazimisha sauti, akaongeza tatizo juu ya tatizo.

Tunajua wataalamu wa tiba ya sauti na usemi ni wachache kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na mahitaji bado ni makubwa kuliko wanaohitimu. Wizara za afya ziwaajiri wanaohitimu badala ya kuwaacha watafute kazi nyingine, na bima ya afya ihesabu mazoezi ya sauti kuwa sehemu ya matibabu ya upasuaji. Lakini uhaba huo hauzuii kumrekodi mgonjwa kwa simu kabla ya upasuaji na baada yake, wala hauzuii kuandika barua ya rufaa. Mkurugenzi wa hospitali anayesubiri bajeti ndipo aanze haya anatafuta kisingizio.

Na wewe uliyefanyiwa upasuaji, sauti yako ikiwa haijarudi baada ya wiki 4, usiendelee kusubiri. Rudi hospitalini, omba upelekwe kliniki ya masikio, pua na koo, nyuzi zako zitazamwe, na usiondoke bila kupewa jibu kwa maandishi. Ukipumua kwa mkoromo au ukipaliwa kila unapokunywa, nenda leo.