Neno la Siri ni Amana

Leo familia nyingi hazipangi tena foleni benki. Mshahara, ada za watoto na hata Zaka hupitishwa kwa simu au intaneti, na kinachoilinda mali hiyo ni neno la siri. Hapo ndipo penye mtihani.

Mabenki mengi yamezoea kudai neno lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha libadilishwe kila baada ya miezi michache. Mzee wetu hulisahau; akipewa jipya huliandika karatasini, na karatasi humkabidhi mjukuu. Je, siri hiyo imebaki siri? Kanuni iliyokusudiwa kufunga mlango ndiyo iliyoufungua.

Hata aliyeiasisi amelikiri hilo. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2003, alisema mwaka 2017 kuwa anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST ilishauri watu wasilazimishwe kubadili neno la siri pasipo dalili ya kuvuja, na kwamba urefu wa neno una faida kuliko mchanganyiko wa alama.

Basi mabenki yetu yaondoe mzigo usio na faida. Nasi majumbani tuwafundishe wazee wetu kuunganisha maneno kadhaa wanayoyakumbuka, na wasimtajie yeyote anayepiga simu. Na aliyeaminiwa siri ya mzazi wake ajue kuwa amebeba amana, na amana ina siku ya kuulizwa.