Hamamu na Wenyewe

Watu wengi hudhani ya kuwa jengo la kale likizibwa nyufa zake na kusafishwa mawe yake limekwisha kurudishwa. Nami nilikuwa miongoni mwao mpaka nilipofika Istanbul, nikaingia katika hamamu mojawapo ya karne ya 16 iliyofunguliwa upya. Jina lake nalificha, kwa kuwa ugomvi wangu si wa mlango mmoja.

Kwanza niwape mafundi haki yao. Nilivua nguo katika ukumbi wa baridi, nikajifunga shuka, nikapitishwa chumba cha uvuguvugu, kisha nikaingizwa penye joto. Katikati palikuwa na jukwaa pana la marumaru, ambalo zamani moshi na hewa ya moto kutoka tanuu la kuni vilipita chini yake. Juu palikuwa na kuba lililotobolewa matundu ya vioo, na nuru ikashuka ndani ya mvuke kama mianzi meupe. Kando ya kuta yalikuwapo mabirika ya mawe yasiyo na tundu la kutolea maji, maana wajenzi hawakutaka mtu aoge katika maji yaliyotuama. Maji sharti yajae, yafurike, yatiririke. Msuguaji alinisugua kwa mfuko wa kitambaa kigumu hata nikaona haya kwa taka zilizonitoka. Nilitoka mwepesi kama mtoto.

Kilichonirudishia uzito ni ada. Ilizidi malipo ya malazi yangu ya usiku ule. Nje, hatua chache tu, mzee mmoja aliuza chai. Kwa ulimi wa mwanafunzi aliyenifasiria nilimuuliza kama huoga mle. Alicheka, akasema, "Babangu alikuwa akioga humo kila Alhamisi. Mimi nawauzia chai wanaotoka."

Mwenzangu mmoja, mwanahistoria, alinikemea nilipomsimulia. Alisema hamamu tangu asili ilikuwa chombo cha kuchuma fedha. Ni kweli. Hamamu ya Çemberlitaş ilijengwa mwaka 1584 kwa amri ya Nurbanu, mama wa Sultani Murad wa Tatu, ili pato lake litunze msikiti na majengo ya hisani aliyoyaweka wakfu ng'ambo ya Bosfori, katika Üsküdar. Ile ya Cağaloğlu ya mwaka 1741 ilichangia maktaba ya Sultani Mahmud wa Kwanza katika Ayasofya. Walakini hoja hiyo humwangusha mwenye kuitoa. Senti ya mwogaji ilitoka kwa watu wa mtaani na ikarudi kwa watu, kwa njia ya msikiti, kitabu na sahani ya chakula. Ada ya leo hutoka kwa mgeni. Huenda wapi? Mwenzangu hakunijibu.

Tena na tukumbuke waliojengewa. Kılıç Ali Pasha, amiri wa majeshi ya baharini, alizaliwa Calabria, akatekwa, akavutishwa makasia akiwa mtumwa kabla ya kupanda cheo. Alipopata mali alimwagiza msanifu Sinan amjengee msikiti na hamamu Tophane, karibu na bahari. Na waliokusudiwa kuoga humo ni askari wa merikebu. Mtu aliyepata kufungwa minyororo penye kasia alijua jasho la mvuta kasia linanukaje.

Iko hoja ya pili, nayo ina nguvu zaidi: pasipo fedha za wageni majengo haya yangeanguka. Hamamu ya Hürrem, ya mwaka 1556, kazi ya Sinan huyo huyo, iligeuzwa duka la mazulia kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena kwa waogaji mwaka 2011. Nakiri kwamba mvuke wa tajiri ni bora kuliko vumbi la zulia. Lakini nani aliyesema hatuna ila mambo hayo mawili? Wiki ina siku saba.

Shauri hili si la Waturuki peke yao. Katika Mji Mkongwe wa Unguja uko mtaa uitwao Hamamni, kwa sababu ya hamamu ya umma iliyojengwa zama za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Jengo lingalipo, nalo limekarabatiwa. Wageni huonyeshwa mabirika yake, nayo ni makavu. Wako wanaotamani maji yarudi humo, na mimi ni mmoja wao. Basi siku atakapotokea mwenye fedha za kuyarudisha, kabla hajagusa jiwe lolote, na iandikwe katika mkataba siku moja ya wiki ya wanaume wa Hamamni na siku moja ya wanawake wake, kwa ada isiyozidi bei ya kikombe cha kahawa barazani.