Skuta haikutengenezwa kwa mteremko wa Manda
Mwandishi mmoja anasifu skuta kwa kuwa haina klachi ya mkono wala cheni ya kukaza. Kwa lami ya Makambako mjini, sawa. Lakini ukitoka Njombe kupitia Ludewa hadi Manda, unashuka kutoka karibu mita 2,000 hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500. Hapo gia za kubadilisha, ambazo skuta haina, ndizo roho: ukiweka ya pili, injini yenyewe inaizuia pikipiki na breki zinapumua. Tairi ya skuta, inchi 10 au 12, huzama kwenye shimo ambalo pikipiki ya Boxer yenye tairi ya inchi 17 hulivuka. Wapo watakaosema skuta humkinga mtu na tope. Kweli kabisa, ila mkanda wa skuta unaoendesha gurudumu ukikatika njiani, fundi mwenye cheni na sproketi tu dukani hana la kukusaidia.